Kipande cha chuma nilichotoka nacho Basra: hizi risasi za urani zina ukweli gani?

#1 Mlinzi wa Zamu

Salaam wanabaraza. Wenye ujuzi nisaidieni, wenye utani mnisubiri nimalize.

Kati ya 2008 na 2010 nilikuwa Iraq, kusini, upande wa Basra, kazi ya ulinzi. Waliopitia kule wanajua: Waganda ndio waliojaa, sisi Wakenya tulikuwa wa kuhesabika. Zamu saa 12, kofia ya chuma kichwani, joto la kupasua midomo. Mwendo mfupi kwa gari kutoka getini kwetu kulikuwa na uwanja wa vyuma chakavu. Malori, mabasi, matingatinga na vifaru vya vita vya 1991 na vya 2003, vyote vimerundikwa kama dagaa kwenye tenga. Vijana wa pale walikuwa wakivipasua kwa nyundo na mtungi wa gesi, wanauza kwa kilo.

Kulikuwa na mmoja akituuzia barafu getini, miaka 15 sidhani kama alikuwa ameitimiza. Siku naondoka akanipa kipande cha chuma cheusi, kizito, sentimita 12 hivi, unene wa kidole gumba. "Hadiya," akasema. Nikakitia begini. Mpaka leo kiko nyumbani Kisauni, mama watoto anakizuilia mlango wa jikoni usipigwe na upepo.

Juzi nasikiliza redio, habari za Ukraine, wakazitaja risasi za urani wanazopewa na Waingereza na Wamarekani. Mara mtangazaji akasema zilishatumika Iraq, na Basra akaitaja. Nikageuka nikakitazama kile kipande pale mlangoni. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Je, ndicho? Na hizi risasi ni bomu dogo la atomiki, au ni kitu gani hasa? Na mwilini nikapime nini?

#2 Sauti ya Kijiwe

Kiongozi, wenzio wanazuilia mlango kwa tofali, wewe kwa nyuklia. Nimevuta kigoda, nasubiri majibu.

#3 Kifaru Mstaafu

Mkuu Mlinzi, pole kwa wasiwasi. Nimetumikia vifaru zaidi ya miaka 20. Vyetu havikuwa na hizo risasi, lakini darasani tulizisoma.

Kwanza toa bomu la atomiki kichwani. Hii risasi hailipuki kinyuklia na haiwezi. Haina hata baruti ndani yake. Ni mshale wa metali tu, na kazi yote inafanywa na uzito pamoja na mwendo. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ya kawaida, namaanisha ile metali ya kuvulia samaki, ni gramu 11 na ushei. Ya urani ni gramu 19. Uzito mkubwa kwenye umbo jembamba ndiyo siri ya kutoboa bamba.

Siri ya pili ni ncha. Mshale wa tangsteni, metali nyingine nzito, ukigonga chuma kinene, kichwa chake kinabutuka kama uyoga. Wa urani unajimenya pembeni huku ukiingia, unabaki na ncha muda wote kama penseli kwenye kichongeo. Siri ya tatu ndiyo yenye maneno: vumbi linalomenyeka linashika moto lenyewe. Kinachoingia ndani ya kifaru ni cheche na vumbi linalowaka, linakuta mafuta na risasi za mle ndani. Waliomo hawapati muda wa kufungua mfuniko.

Ile ndege ya A-10 hupiga za milimita 30, kila mshale una urani gramu 300 hivi. Kifaru cha Abrams hupiga za milimita 120, mshale mmoja kilo 4 hadi 5. Vita vya Ghuba vya 1991 ndipo zilipotumika kwa wingi mara ya kwanza, kama tani 300 za urani, Kuwait na kusini mwa Iraq. Bosnia 1994 na 1995, tani 3 hivi. Kosovo 1999, risasi kama 31,000. Kisha Iraq tena 2003.

Kuhusu kipande chako: usikikate, usikipige msasa, usikitoboe. Kikitulia hakina makuu. Vumbi ndilo adui.

#4 Sauti ya Kijiwe

Afande, kwa nini redioni wanaiita urani hii "iliyofifia"? Kitu kinatoboa kifaru halafu kimefifia?

#5 Bi Maabara

Swali zuri. Redioni kila mtu na jina lake: iliyofifia, iliyopungua nguvu, hafifu. Mimi wa pwani naielewa hivi: umekuna nazi, umekamua tui, kinachobaki kwenye kifumbu ni chicha. Urani inayochimbwa ardhini ina aina mbili zinazotuhusu. Ile wanayoitaka wenye vinu vya nyuklia na mabomu, urani 235, ni asilimia 0.7 tu ya yote. Hilo ndilo tui. Mitambo ya kurutubisha inalikamua, na chicha linalobaki ni karibu urani 238 tupu, na ile 235 iliyosalia humo ni asilimia 0.2 au 0.3. Chicha ni kingi mno. Marekani wanayo malaki ya tani kwenye mapipa ya chuma. Wenye chicha wakatafuta pa kukipeleka, na jeshi likaona metali nzito, ipo tayari, bei poa.

Kwa mionzi ni kweli kimepungua, kama asilimia 60 ya urani ya asili. Na mionzi yake mingi ni ya alfa, ambayo karatasi inaizuia, ngozi inaizuia. Ndiyo maana kipande mlangoni sicho cha kukukosesha usingizi, hata kingekuwa chenyewe.

Tatizo ni kukivuta puani au kukimeza. Hapo ngozi haipo tena ya kukulinda. Na kabla hujafika kwenye mionzi, urani ni sumu kama metali nyingine nzito. Kiungo cha kwanza kuumia ni figo. Watu wengi wanaposikia urani wanafikiria saratani tu, figo wanazisahau.

#6 Nzi wa Kijani

Bi Maabara unawatetea. Nendeni Iraq mkaone watoto wa mji wa Fallujah walivyozaliwa. Wazungu walijaribia silaha pale, kizazi kizima kimekwisha. Na shirika la afya la dunia limenunuliwa. Hakuna cha chicha wala tui.

#7 Bi Maabara

Simtetei mtu, ndugu yangu. Picha za watoto hao nimeziona na sitazisahau. Madaktari wa Fallujah wamepiga kelele miaka mingi kuhusu watoto kuzaliwa na kasoro, na sidhani wanabuni. Ninachokataa ni kuruka kutoka kwenye maumivu hadi kwenye jibu.

Fallujah ilipigwa mara mbili mwaka 2004. Mji mzima uligeuka vumbi: risasi za kawaida, betri, rangi za nyumba, takataka za kambi zilizochomwa hewani. Kuna risasi, ile metali, kuna zebaki, kuna njaa na maji machafu. Kumtenga mtuhumiwa mmoja kunataka vipimo vya udongo, mkojo, na hesabu ya vizazi kabla na baada. Wizara ya Afya ya Iraq pamoja na WHO walitoa ripoti 2013 wakasema hawakuona kiwango kisicho cha kawaida. Wataalamu wakaikosoa vikali, hata kwenye jarida la The Lancet, kwa namna takwimu zilivyokusanywa. Na mimi naona ukosoaji ule ulikuwa wa haki. Lakini ripoti mbovu kusema "hakuna" haithibitishi kwamba "kipo".

Kuna kundi moja lililofuatiliwa vizuri: askari wa Marekani waliopigwa na wenzao kwa bahati mbaya 1991, wakabaki na vipande vya urani ndani ya nyama. Tangu 1993 wanapimwa hospitali ya wanajeshi wa zamani, Baltimore. Mpaka miaka zaidi ya 20 baadaye mkojo wao ulikuwa bado umejaa urani, maana vile vipande vinayeyuka polepole kama peremende. Figo zao hazikuonyesha ugonjwa wa wazi.

Jeshi hulipenda sana kundi hili, hulitaja kila mkutano. Ila hawafiki watu 100, walikuwa wanaume wazima wenye afya, na wanatibiwa bure kila baada ya muda. Mtoto anayechezea kifaru kilichoungua, analamba vidole, anakunywa maji ya kisima cha jirani, nani anamfuatilia?

#8 Chumvi Kidogo

Mimi naona hii yote ni propaganda ya Urusi. 2023 Uingereza ilipotangaza kupeleka vifaru vya Challenger 2 na hizo risasi, Moscow ndiyo iliyopiga mayowe ya nyuklia. Septemba mwaka huohuo Marekani nao wakatangaza za Abrams, mayowe tena.

#9 Kifaru Mstaafu

Mayowe ya Moscow yalikuwa ya unafiki, hapo tuko pamoja. Warusi wanazo zao. Na Umoja wa Mataifa ulipopiga kura 2012 kutaka nchi zichukue tahadhari na watumiaji watoe taarifa za walipozipiga, nchi 155 zilisema ndiyo, 27 zikajizuia. Urusi ilikuwa miongoni mwa waliojizuia! Waliokataa walikuwa wanne tu: Marekani, Uingereza, Ufaransa na Israel.

Lakini unafiki wa anayepiga yowe hauzimi moto, mkuu. Serbia, Bosnia na Iraq walikuwa wakilia miaka 20 kabla ya hiyo vita ya Ukraine.

Na kisheria, kwa anayejiuliza: hakuna mkataba wa dunia unaozitaja kwa jina na kuzipiga marufuku kama mabomu ya ardhini. Kamati ya mahakama ya Yugoslavia iliyochunguza mashambulizi ya NATO ilisema hivyohivyo mwaka 2000. Ubelgiji walijitungia sheria yao ya kuzikataza 2007, Costa Rica wakafuata 2011. Wengine wanaangalia.

#10 Mutoto ya Likasi

Jambo bandugu. Miye niko mutu ya Likasi, Katanga, kule Congo. Munasema chicha, munasahau nazi yenyewe ilitoka wapi.

Shinkolobwe, mugodi ya urani, iko karibu na kwetu, kilometa kama 20. Mawe ya kule ilikuwa na urani mpaka asilimia 65, wakati fasi ingine hata asilimia moja haifike. Mwaka 1940 mukubwa wa kampuni ya migodi Union Minière, Edgar Sengier, alituma tani zaidi ya 1,000 kule New York, ikalala kwenye magazini. Waamerika bakainunua 1942. Ndiyo ile ya Hiroshima. Kwa hiyo chicha ya kwanza ya Waamerika, sehemu kubwa ilikamuliwa katika nazi ya Katanga.

Wakati wa uhuru mashimo bakaifunga na beto. Batu bakarudia kuchimba kobalti na mikono. 2004 serikali ikafunga tena kwa dekreti, na mwaka uleule mugodi ikaanguka, batu bakafa. Hata siye tunaijua ile vumbi. Asanteni.

#11 Sauti ya Kijiwe

"Munasahau nazi yenyewe ilitoka wapi." Huyu apewe chai.

#12 Mlinzi wa Zamu

Asanteni nyote. Bi Maabara, hapo kwenye mtoto anayelamba vidole umenigusa pabaya. Nitarudi.

Nimekifunga kipande kwenye mifuko mitatu ya plastiki, nimekiweka nje juu ya paa la choo. Mke ameniuliza mlango azuilie kwa nini sasa, nikamwambia kwa kiatu changu. Nakipimaje?

#13 Fundi Sonara

Hilo niachie mimi, kazi yangu ni kujua feki na halisi. Vaa glavu. Kwanza sumaku. Urani haishikwi na sumaku, chuma cha kawaida kinashikwa. Toa sumaku kwenye spika ya redio mbovu.

Pili, ujazo. Kipime kwenye mizani ya jikoni. Kisha chukua chupa ya mtoto ya kunyonyea, ile yenye mistari, kata shingo, tia maji hadi mstari unaoukumbuka, tumbukiza kipande taratibu kwa uzi, soma maji yamepanda mililita ngapi. Gawanya gramu kwa mililita. Ukipata 7 na ushei, chuma. Ukipata 11, risasi. Ukipata 19 ni dhahabu, tangsteni au urani. Kama dhahabu nijulishe kabla ya mkeo. Kama siyo, usikiguse tena, wapigie mamlaka ya udhibiti wa nyuklia huko Kenya. Walio Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomiki.

Maji hayo yamwage, chupa itupe.

#14 Chumvi Kidogo

Kama shida ni urani, si watumie tangsteni tu? Wajerumani kwenye vifaru vyao vya Leopard wanatumia hiyo.

#15 Bi Maabara

Jeshi la wanamaji la Marekani lilihamia tangsteni kwenye mizinga ya kulinda meli tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo inawezekana. Lakini usidhani umepata maziwa. Mwaka 2005 watafiti wa jeshi la Marekani waliwapandikiza panya vipande vya aloi ya tangsteni yenye nikeli na kobalti. Panya wakaota saratani kali pale pale kwenye vipande. Metali nzito ikishageuzwa vumbi na kutawanywa kwenye mashamba ya watu, jina lake halinipi faraja sana.

Ndiyo maana mimi nasema ugomvi wa "je, inaleta saratani au haileti kabisa" umetupotezea muda. Wanasayansi watabishana. Kitu kisichohitaji utafiti wowote ni ramani. Aliyepiga anajua alipopiga. Mpe mwenye ardhi ramani.

Kosovo vita viliisha Juni 1999. Ramani kamili ya sehemu 112 zilizopigwa iliwafikia Umoja wa Mataifa zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Timu ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ikaenda, ikaongozwa na Mfini Pekka Haavisto, wanatembea na vipimo vinavyolia, wanaokota mishale kwenye nyasi. Bosnia walifika 2002, miaka 7 baada ya risasi. Wakakuta mishale iliyozama ardhini imeshaliwa na kutu kama robo ya uzito wake, na wakakisia itayeyuka yote ndani ya miaka 25 hadi 35. Sehemu moja walikuta urani hiyo kwenye maji ya kunywa, kwa kiwango kidogo sana, na sehemu mbili hewani, ndani na karibu na majengo yaliyopigwa. Kiwango hakikuwa cha kutisha, walisema wenyewe. Lakini miaka 7 watu walikuwa wakinywa bila kuambiwa.

Fikirieni pia: risasi za ndege nyingi hazigongi kifaru, zinakosa, zinazama udongoni. Hizo hazigeuki vumbi siku ile, zinaoza polepole kuelekea kwenye kisima.

#16 Kifaru Mstaafu

Naongeza Syria, maana hiyo ndiyo iliyonifanya niache kuwaamini wasemaji wa jeshi, na mimi nimevaa sare. Mapema 2015 Wamarekani walisema hazitumiki wala hazitatumika kwenye vita dhidi ya Dola la Kiislamu. Novemba mwaka huohuo A-10 zikapiga risasi 5,265 za urani, siku mbili. Walikiri 2017. Na hazikupigwa kwenye vifaru! Zilipigwa kwenye malori ya mafuta. Hivi lori la mafuta linataka mshale wa kutoboa bamba la kifaru? Madereva wa malori hayo na waliokuja kuokota mabati yake kesho yake waliambiwa na nani?

Waingereza angalau tani zao 1.9 za 2003 walisema walizipiga wapi. Wamarekani walipiga nyingi zaidi kupita kiasi, na sehemu ya ramani zao ilijulikana kupitia Waholanzi, kwa kuwa askari wao walipangiwa jimbo la Al Muthanna wakataka kujua wanakanyaga nini. Askari wa Kiholanzi akaambiwa, mkulima wa Samawah bado.

#17 Nzi wa Kijani

Hapo sasa Afande umesema. Na Bi Maabara nakuomba radhi kwa lile la juu, nilipanda hasira. Ila swali la Mlinzi la kupima mwili bado hujamjibu.

#18 Bi Maabara

Yamekwisha. Kipimo ni mkojo, lakini siyo cha dirishani pale hospitali ya kawaida. Wanatafuta uwiano wa 238 kwa 235. Kila mmoja wetu anakojoa urani kidogo, inatoka kwenye chakula na maji. Ya asili uwiano wake ni kama 138 kwa 1. Ya risasi ni kama 500 kwa 1. Kuutofautisha kunataka mashine ya kupima uzito wa atomi, na sampuli kwa kawaida inasafirishwa nje.

Inawezekana hata baada ya miaka mingi. Mji wa Colonie, jimbo la New York, palikuwa na kiwanda cha vitu hivi kilichofungwa 1984. Zaidi ya miaka 20 baadaye wakapima mkojo wa wafanyakazi wa zamani na baadhi ya majirani, wakaikuta. Marekani hiyo, siyo uwanja wa vita.

Kwako wewe, Mlinzi, uliyekaa getini na kupita karibu na uwanja ule, ningeanza na kipimo cha kawaida cha figo na presha. Hicho kinapatikana popote, na kwa umri wako ulipaswa kukifanya hata bila Basra. Je, uliwahi kuingia ndani ya vifaru vile?

#19 Mlinzi wa Zamu

Sikuwahi kuingia. Tulikatazwa, palikuwa na karatasi ubaoni kambini: usikaribie gari lililoungua, usiokote kitu. Kwa Kiingereza. Tulisaini kwamba tumeisoma.

Matokeo, kama nilivyoelekezwa. Sumaku ya spika imekinasa, mpaka nimekibandua kwa nguvu. Mizani: gramu 310. Maji yamepanda mililita 40. Nimegawanya mara tatu, 7.75. Mwanangu wa kidato cha pili amegawanya, 7.75.

#20 Fundi Sonara

Chuma. Cha urani kwa uzito huo kingepandisha maji mililita 16 tu. Nikikisia kwa vipimo ulivyotoa, hiyo ni pini ya mnyororo wa tingatinga au kitu cha aina hiyo. Rudisha mlangoni.

#21 Sauti ya Kijiwe

Miaka 15 ya pini ya tingatinga! Mama watoto apewe kiatu chake aendelee na maisha 😂

#22 Mlinzi wa Zamu

Nimecheka na mimi, Alhamdulillah. Figo nitapima Jumatatu.

Ila nilisema nitarudi kwenye lile la mtoto. Yule kijana wa barafu, Ijumaa kazi ikiwa ndogo, alikuwa akikaa kivulini nyuma ya kibanda chetu na ndoo ya plastiki ya rangi, anachambua alichookota wiki nzima. Shaba huku, alumini huku. Zile nyeusi nzito alikuwa akiziweka pembeni, kwa sababu mnunuzi hakujua ni metali gani na hakuzitaka. Alikuwa akizigonga moja kwa nyingine aone zinavyotoa cheche, anatuita tuje tutazame. Tulikuwa tukienda kutazama.

Aliponipa zawadi alipekua ndoo ile kwa mkono mtupu, akatafuta, akachagua. Kile changu ni chuma. Zilizobaki ndoo nzima zilikuwa zake.